Ngozi Huharibika Kabla ya Kufika Kiwandani

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanza na kisu. Idi ya kuchinja inakaribia, na hapa Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, mbuzi watachinjwa uani. Nyama itagawiwa kwa utaratibu mzuri. Ngozi itatupwa kando juani, au itafungwa mfukoni mpaka jioni. Hilo linaniudhi kila mwaka.

Chukua ngozi mbichi ya mbuzi, uigeuze upande wa nyama. Mkwaruzo wa kisu huuoni, umefichwa na utando na damu. Kiwandani ngozi hiyo italazwa kwenye chokaa na salfaidi, kemikali ya kulainisha manyoya, hadi manyoya yatoke, itakwanguliwa mabaki ya nyama, kisha itapunguzwa unene. Hapo mkwaruzo unageuka tundu, na fundi wa makubadhi hana pa kukata ukanda. Kwa hiyo kisu kipasue tumboni na miguuni tu, kisha kiwekwe chini. Mbuzi akining'inizwa, ngozi inavuliwa kwa ngumi: unasukuma kati ya ngozi na nyama, unashuka taratibu kutoka mapajani hadi shingoni. Kijana mwenye mikono safi anajifunza kazi hii asubuhi moja.

Najua kuna anayesema moyoni, "Bei ya ngozi imeanguka, nijitaabishe ya nini?" Anayesema hivyo ana haki. Mnunuzi wa mkokoteni analipa ngozi nzima na iliyotoboka bei ileile, basi aliyechuna vizuri anapata nini? Nimewaambia wanunuzi usoni: lipeni kwa gredi, yaani kwa ubora wa ngozi, palepale uani. Serikali nayo iliweka ushuru kwa ngozi mbichi inayouzwa nje, ili viwanda vya hapa vipate malighafi. Vizuri. Lakini ushuru hauzibi tundu.

Na ngozi ya udhiya, mnyama wa Idi, haitolewi kuwa ujira wa mchinjaji, hilo mmelisikia misikitini. Basi mlipeni pesa, na mpatane kabla hajaanza kwamba mnalipia ngozi isiyotobolewa. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipoona kondoo aliyekufa aliuliza kwa nini wenyewe hawakuichukua ngozi yake wakaidabaghi, yaani kuitia dawa isioze, wakanufaika nayo. Kondoo huyo alikuwa mfu! Sisi tunatupa ya mnyama tuliyemchinja kwa jina la Mungu.

Chumvi. Kwa joto na unyevu wa Mombasa, ukichelewa saa chache tu bakteria wameshaanza, na manyoya yananyofoka kwa kidole. Tandaza ngozi ikiwa imepoa, upande wa nyama juu, uipake chumvi nene, thuluthi ya uzito wake au zaidi, hadi kwenye kingo. Chumvi inavuta maji, na bila maji bakteria hawazaani. Inavunwa hapo Gongoni, hatuagizi ng'ambo.

"Mbona wazee walianika juani na ngoma zikalia?" Ngozi ya ngoma haikudabaghiwa, mzee wangu. Iloweshe, italegea, iache na maji, itaoza. Tena ngozi iliyotandazwa chini juani inakauka juu huku ndani inaoza, na ikilowekwa inatoka malengelenge. Ukikosa chumvi, iwambe kivulini penye upepo.

Kudabaghi kwenyewe nitakugusia tu, maana naona mwenyekiti anatazama saa. Dawa inashika nyuzi za protini ndani ya ngozi zisioze tena. Ngozi mbichi yenye maji hujikunja kwenye nyuzi joto 60 na kitu. Iliyoiva vizuri kwa krome, dawa ya madini, inastahimili maji yanayochemka, na ndivyo mafundi wanavyoipima. Krome huchukua siku moja hivi, magome ya miti huchukua wiki hata miezi. Magome ya mkandaa, aina ya mkoko, yana tanini, dawa ya asili ya kudabaghi, na zamani yalisafirishwa kutoka pwani hii kwenda ng'ambo. Nisieleweke kwamba tukaimenye mikoko ya Tudor: mti uliovuliwa gome lote hufa. Tutumie magome ya miwati, miti ya kupandwa bara.

Maji machafu ya krome kuachiwa kwenye hori ya bahari ni mhadhara mzima, na sitaufanya kwa dakika mbili. Vijana wanaotaka kuchuna kwa ngumi wabaki. Mbuzi yuko nyuma ya ukumbi, na gunia la chumvi liko hapo mlangoni.