Leo Ana Miaka Mingapi?

REHEMA: Karibuni tena. Mimi Rehema, na anayekohoa pembeni ni Hamisi, mnamjua. Sote wawili ni wazazi tulioasili watoto kutoka nchi nyingine.

HAMISI: Sikohoi, nasafisha koo. Leo tuna mambo matano kuhusu kazi za shule za kufanyia nyumbani. Nimeyaandika kwenye karatasi, na mara hii tutayamaliza.

REHEMA: Ngoja kwanza, kaka. Wiki hii niliitwa shuleni kwa ajili ya kijana. Kabla sijasema neno, nikapewa fomu. Mimba ilikuwaje? Alizaliwa na kilo ngapi? Alitambaa lini? Nikamwambia yule mama aliyenipa fomu, mimi huyu nimempokea ana miaka saba, meno ya mbele yameshang'oka.

HAMISI: (anacheka) Ukajaza nini?

REHEMA: "Haijulikani." Swali linalofuata, haijulikani. Yule mama ananiambia, "Kadiria tu, mzazi." Nikadirie kutambaa! Kijana yupo hapo hapo, anachora kwenye bahasha yangu, akadakia: "Andika nilianza kutembea nilipochoka kubebwa."

HAMISI: Huyo hana tatizo la lugha, dada.

REHEMA: Na ndiyo kesi yenyewe, tutafika. Lakini Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, ule wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi, unataka nchi anakotoka mtoto iandae taarifa yake: asili, familia, historia ya afya. Yetu ilikuwa ukurasa mmoja. "Afya njema, mchangamfu." Basi.

HAMISI: Wewe angalau una tarehe ya kuzaliwa. Binti yangu ni mwanachama wa Januari Mosi.

REHEMA: Wapo wasikilizaji wageni, waelezee.

HAMISI: Mtoto akikutwa hana karatasi, afisa anamtazama, anakisia mwaka, kisha anaandika tarehe 1 Januari. Wako wengi mno. Sasa daktari wa meno anasema ni mkubwa kuliko cheti. Picha ya mifupa ya mkono inasema ni mdogo. Na mtoto aliyekosa lishe mifupa yake huchelewa, kwa hiyo hata hiyo picha si ya kuapia. Mimi siku hizi namuuliza asubuhi, mama, leo una miaka mingapi?

REHEMA: Anajibuje?

HAMISI: Inategemea. Kukiwa na vyombo vya kuosha, ana saba. Ikitajwa simu, ana kumi na tatu.

REHEMA: Na kwenye hesabu?

HAMISI: Kwenye hesabu hajazaliwa.

REHEMA: (anacheka) Wa kwangu akiudhiwa ana mitatu. Anaingia chini ya meza kabisa. Dakika hiyo hiyo nduguye akiumia, anakuwa na arobaini, analeta dawa na kunifundisha namna ya kufunga bendeji.

HAMISI: Kulea wadogo waliomzunguka kule makao ya watoto, hiyo elimu anayo. Kushika penseli hakufundishwa. Kwa hiyo unamlea wa umri gani? Watu wananiambia, "Mkubwa yule, mwache alale peke yake." Mkubwa kwa urefu! Usiku ana miaka miwili.

REHEMA: Urefu nao unadanganya. Wengine wanafika wadogo, wakipata chakula wanafumuka, na wasichana baadhi yao wanabalehe mapema. Mwili unakimbia, kichwa kinaulizia mdoli.

HAMISI: Usinitie hofu. Jambo la kwanza kwenye karatasi...

REHEMA: Subiri, sijamaliza la shule. Nimewaambia nataka apimwe sasa. Kusoma, kumbukumbu, umakini, masikio, vyote. Na apimwe kwa lugha aliyokuja nayo, mpimaji akipatikana.

HAMISI: Hapo sikubali. Mtoto bado anajifunza swichi za taa ndani ya nyumba yako. Amebadilishiwa nchi, lugha na watu. Ukimpima leo atapata alama za chini, wataandika "ulemavu wa akili", na faili halisahau.

REHEMA: Lugha yake haimsubiri. Mwaka 2003 watafiti wa Paris, Christophe Pallier na wenzake, waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea wakaasiliwa na familia za Ufaransa, wengine walishafika miaka minane walipoondoka. Wakasikilizishwa Kikorea. Hawakukitambua kuliko Mfaransa yeyote.

HAMISI: Na ule utafiti wa Montreal, Kanada, mwaka 2014? Wasichana waliotoka China wachanga, hawajui hata neno moja la Kichina, lakini ubongo wao bado uliitikia toni zake, ile sauti inayopanda na kushuka ndani ya neno. Kitu kinabaki.

REHEMA: Kinabaki kwenye mashine ya kupima ubongo. Hakibaki cha kujibia mtihani.

HAMISI: Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Kanada, anasema lugha ya uwanjani inachukua kama miaka miwili, ya darasani mitano hadi saba. Unamsikia anapiga porojo na wenzake, unadhani lugha ameshaimaliza. Mpe swali la hesabu lenye hadithi, anazama.

REHEMA: Cummins alikuwa anazungumzia watoto wanaorudi nyumbani kwa lugha ya mama. Wetu wanarudi kwetu, hawana ya kushikilia. Na nikisubiri miaka saba, ikatokea shida yake darasani haikuwa lugha?

HAMISI: Familia yenyewe ni dawa. Bucharest, kule Romania, mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2000, watoto 136 wa makao. Waliopelekwa kwenye familia walipanda kiakili kuliko waliobaki.

REHEMA: Na waliofaidika zaidi ni waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili au karibu na hapo. Wangu alikuja na saba, Hamisi! Halafu wale Waromania walioasiliwa Uingereza, wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Waliokaa makaoni zaidi ya miezi sita, akili ya darasani iliwapanda. Kutotulia hakukuisha.

HAMISI: Umesema mwenyewe ilipanda.

REHEMA: Ilipanda wameshakuwa watu wazima! Nikae na kijana mpaka aote ndevu?

HAMISI: Swali moja tu. Alama za mtihani zinalinganishwa na watoto wa umri wake. Binti yangu walinganishe na umri upi? Wa cheti, wa meno au wa vyombo?

REHEMA: Wapige hesabu mara mbili, kwa umri wa cheti na wa meno. Kinachonihusu mimi ni aweze nini kesho, asiweze nini.

HAMISI: Mwalimu hatasoma mara mbili. Atasoma namba moja.

REHEMA: Basi mzazi akae pale amlazimishe.

HAMISI: Kila mwaka, kwa kila mwalimu mpya?

REHEMA: Ndiyo. Kazi yangu nyingine ipi?

HAMISI: Mimi namwacha mwaka mmoja. Masikio na macho nilipima wiki aliyofika, kwa hayo tuko pamoja. Mengine namwacha.

REHEMA: Na mimi nimeshasaini.

HAMISI: Sawa.

REHEMA: Sawa haimaanishi umekubali.

HAMISI: Haimaanishi. Fundi wa sauti ananyoosha vidole viwili. Dakika mbili, na mambo yangu matano yote yako hapa mkononi.

REHEMA: Yaweke. Yule mama wa mapacha aliyetuandikia kuhusu watoto kuficha chakula chini ya mto wa kulalia, tutamjibu wiki ijayo.

HAMISI: Wiki iliyopita ulimwambia hivyo hivyo.

REHEMA: Basi mpigie wewe leo jioni, umwambie wasiwanyang'anye. Wawawekee kikapu chao, kijae kila wakati.

HAMISI: Namba yake unayo wewe.

REHEMA: Nakutumia. Zima, fundi.