Barafu Ndiyo Iliyochimba

Ndugu zangu, nimeulizwa tena pale mlangoni, mkoba ungali begani: "Mwalimu, Ziwa Superior lilijazwa na mvua ya miaka mingapi?" Nami nasema tena: tusianze na maji, tuanze na shimo. Nani alilichimba?

Ziwa hilo liko mpakani mwa Marekani na Kanada, kilomita za mraba zipatazo 82,000. Rwanda tatu zingezama humo. Penye kina kirefu kabisa ni mita 406.

Kwanza palikuwa na ufa. Miaka bilioni 1.1 iliyopita ardhi ilianza kupasuka, lava ikamwagika, kisha ufa ukakoma. Mchanga ukajaa humo, ukawa mwamba laini. Zama za barafu zilipofika, barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita mbili ikaupitia mwamba huo, ikarudi tena na tena.

Najua kuna anayejiambia: barafu hii ninayoivunja kwa kijiko ichimbe mwamba? Barafu tupu haichimbi. Ile ilikuwa imeng'ata mawe chini ya tumbo lake, ikayaburura kwa uzito wake wote. Muulizeni seremala kuhusu msasa: karatasi haikwangui ubao, zinakwangua zile chembe zilizogandishwa juu yake. Katika mwamba mweusi wa ufuo wa kaskazini nimepitisha kidole changu kwenye mikwaruzo hiyo. Imenyooka, sambamba, yote inaelekea kusini magharibi. Mawimbi hayachori hivyo!

Barafu ikaondoka kama miaka 10,000 iliyopita, maji yakabaki shimoni. Sasa, jahazi likipakuliwa shehena hufanyaje? Hupanda. Ardhi ile nayo inapanda mpaka leo, kwa kuwa mwamba wa moto ulioko chini yake husogea polepole mno. Kaskazini mashariki inapanda haraka zaidi, kwa hiyo maji yanaegemea upande wa pili, kama uji kwenye bakuli lililoinuliwa ukingo mmoja, na pole pole yanaupanda ufuo wa Duluth, mji ulioko kwenye ncha ya kusini magharibi ya ziwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Viktoria, basi, kwa ufupi: si kazi ya barafu. Ardhi ya magharibi iliinuka, Mto Kagera uliokuwa ukienda huko ukageuzwa, maji yakatandaa. Ndiyo maana kina chake hakizidi sana mita 80. Tanganyika ni ufa ambao haujakoma, nao unataka jioni nzima.