Mama Aliyekaa Bungeni Miaka 44 Huku Minnesota, na Swali Mnaloniuliza Kila Wiki

Hamjambo jamaa zangu. Leo sina vipodozi wala taa, nimekaa jikoni, saa tisa naingia kazini, kwa hivyo tuzungumze.

Swali ni lilelile. Kila nikiweka video, hata kama nimepika biriani tu, kuna mtu atauliza: "Dada, huko Minnesota mko Wakenya wengi hivyo, Ilhan Omar aliingia bungeni vipi na nyinyi mmelala?" Mwingine anasema Ilhan, yule mzaliwa wa Somalia aliyefika hadi bunge la Washington, alibebwa. Mwingine ananiambia mimi nigombee, kama vile kugombea ni kufungua kibanda cha mihogo. Nimejibu kwa maandishi nimechoka. Najua nikizungumza kuna watakaosema najigamba na Marekani yangu, na nikitaja shida watasema nalia na huku nakula dola. Semeni, nimezoea. Nitakachosema hapa ni nilichokiona mimi, katika maisha yangu mimi. Binamu yako aliyeko Texas atakuwa na yake.

Mnapouliza kuhusu Ilhan mnaanzia mwisho. Muulize kwanza alimtoa nani. Alimtoa mama mmoja anaitwa Phyllis Kahn, aliyekuwa amekaa miaka 44 kwenye kiti ambacho Ilhan alianzia, cha bunge la jimbo la Minnesota. Nami jina hilo sikulijua kutoka kwenye habari, nililijua kazini.

Mnajua kazi yangu, nalea wazee. Nina mzee mmoja, mtu wa Minneapolis tangu azaliwe, anatumia kiti cha magurudumu, na sigara hajaacha. Ndani haruhusiwi kuvuta. Basi kila alasiri namvalisha koti, kofia, glavu, blanketi miguuni, namsukuma hadi nyuma ya jengo. Januari hapa baridi inashuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Moshi wake na mvuke wa pumzi yangu huwezi kuvitofautisha. Siku ya kwanza alivuta mara mbili, akakohoa, akasema: "Hii ni kazi ya Phyllis Kahn." Nikadhani ni bosi wa zamani wa pale. Akasema hapana, ni mbunge wetu, ndiye aliyetutoa nje na sigara zetu. Nikamuuliza kama alimchukia. Akasema sana. Nikamuuliza alimpigia kura nani. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto. "Yeye. Kila baada ya miaka miwili."

Nikaenda kumsoma huyo mama.

Phyllis Kahn alizaliwa Brooklyn, New York, 1937. Ni mwanasayansi, si mtu aliyekosa la kufanya akaingia siasa. Alisoma fizikia Cornell, akachukua udaktari wa biofizikia Yale mwaka 1962, akaja Minneapolis na mumewe, mwalimu wa hisabati chuo kikuu. Yeye akafanya utafiti pale pale chuoni, na alivyoona wanawake wanavyowekwa pembeni katika kazi ya sayansi ndipo siasa ikamwingia. Mwaka 1972 akagombea ubunge wa jimbo. Mwaka ule walichaguliwa wanawake sita katika nyumba yenye viti 134. Sita! Na hapo tunazungumzia Marekani, ile tunayoambiwa ilifika zamani.

Sasa nyumbani msichanganye. Huyu si mbunge wa Washington. Kila jimbo huku lina bunge lake, la kwetu liko mji wa Saint Paul. Kiti kimoja kina watu kama elfu arobaini, kwa hivyo ukimfikiria mwakilishi wadi wetu, halafu ukampa uwezo wa kutunga sheria ya kodi, shule na hospitali za jimbo zima, umekaribia. Na kipindi ni miaka miwili tu. Si mitano. Unaapishwa, unageuka, umeshaanza kugonga milango tena. Kwa hivyo miaka 44 ya Phyllis maana yake ni kwamba alisimama mbele ya watu na kuchaguliwa mara 22. Mzee mwingine aliyeingia naye siku moja, mwalimu anaitwa Lyndon Carlson, alikaa hadi Januari 2021, miaka 48, na hakuna aliyewahi kukaa zaidi yake katika bunge hili.

Nataka mnisikilize hapa, maana hili linaniuma. Sisi tukisikia mtu amekaa miaka 44 tunasema huyo ameng'ang'ania. Hata mimi nilisema. Halafu nikafikiria chama chetu cha watu wa nyumbani hapa, sikitaji jina na msinitajie kwenye maoni. Mwenyekiti amekaa miaka kumi na mbili. Uchaguzi huitishwa usiku wa kuamkia sikukuu, watu wako shifti. Tulichanga kusafirisha maiti ya kaka yetu, nikatoa dola 300 ambazo zilikuwa za kodi yangu, na nilipoomba kuona hesabu niliambiwa nina kiburi, nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp. Hadi leo. Huko ndiko kung'ang'ania. Kukaa muda mrefu ni jambo moja, na kukaa bila kurudi kupimwa ni jambo jingine.

Tuje kwenye pesa, najua mnaisubiri. Mbunge wa jimbo hapa, kuanzia 1999 hadi 2017, alilipwa mshahara wa dola 31,140 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Kuna posho ya vikao, lakini mshahara ndio huo. Pigeni hesabu nami: mtu wa kulea wazee anayelipwa dola 15 kwa saa, akifanya saa 40 kwa wiki mwaka mzima, anapata dola 31,200. Anayebadilisha mashuka angemzidi mheshimiwa wa wakati ule dola 60! Ilibidi iundwe kamati ya kupanga mishahara ndipo ikafika 45,000 mwaka 2017. Ndiyo maana mkiniambia "gombea upate hela" nanyamaza. Anayegombea huku ni mwenye kazi nyingine, au mwenye mwenzi anayelipa kodi ya nyumba, au mwenye wazimu wa jambo fulani.

Phyllis alikuwa na wazimu wa mambo mengi. Mwaka 1975, akiwa bado mgeni bungeni, alipeleka sheria ya hewa safi ndani ya majengo, ya kutenga sehemu zisizo na moshi kwenye mikahawa, ofisi na mahali pa watu wote. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwa jimbo zima Marekani. Wakati huo watu walivuta sigara hadi ndani ya ndege, wanawake wajawazito wamekaa pembeni. Ilichukua hadi Oktoba 2007 ndipo sheria nyingine ikafunga moshi kabisa kwenye mikahawa na baa. Miaka 32 katikati! Mimi nina pumu, mnanijua. Kila nikimaliza shifti ya masaa manane bila kugusa kile kipulizio changu, namkumbuka. Alipigania pia wasichana wapate nafasi sawa kwenye michezo ya shule. Mwaka 1989 akapendekeza watoto wa miaka 12 wapige kura, hilo halikufika popote, nami kwa watoto wangu ninavyowajua sitalitetea.

Eneo lake la uchaguzi, linaloitwa 60B, lilichukua sehemu ya chuo kikuu na mtaa wa Cedar-Riverside. Mmeyaona yale maghorofa marefu yenye vibao vya rangi, nyekundu, bluu, njano, kwenye video yangu ya Idi. Yalifunguliwa 1973, mwaka uleule alioapishwa. Kuanzia miaka ya tisini Wasomali wakajaa pale. Ukiingia asubuhi unasikia harufu ya uvumba na chai ya iliki kwenye korido, unaweza kulia kwa kukumbuka nyumbani. Yaani watu walibadilika chini yake, kiti kikabaki na mtu yuleyule.

Mwaka 2014 Msomali mmoja wa chama chake, Mohamud Noor, akamkabili. Kikao cha wanachama cha Februari pale kituo cha jamii cha Brian Coyle, hapohapo Cedar-Riverside, kiligeuka vurugu, kikavunjika. Ilhan wakati huo alikuwa msaidizi wa diwani, hata si mgombea, na alishambuliwa akaumizwa usiku ule. Kwa hivyo anayesema alibebwa aanzie hapo. Agosti Phyllis akamshinda Noor kwenye mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama. Akarudi.

2016 wakawa watatu: Phyllis, Noor, na Ilhan. Mkutano wa chama ukashindwa kumwidhinisha yeyote. Wakaenda kwenye mchujo wa tarehe 9 Agosti. Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo jibu lenu lilipo. Ilhan alipata kura elfu mbili mia nne na kidogo. Noor na Phyllis wakafuatana bega kwa bega, kila mmoja elfu moja mia saba na kitu. Basi. Miaka 44 ilimalizwa na kura zisizojaza uwanja wa shule. Wanafunzi wa chuo na akina mama wa Cedar-Riverside waligongewa mlango mmoja mmoja, wakatoka. Na Agosti hapa ni likizo, watu wako ziwani na boti zao, mchujo hauna mshindo wowote. Anayetoka siku hiyo ndiye anayeamua. Novemba Ilhan akapita bila taabu, 2018 akachaguliwa kwenda Washington, na kile kiti cha 60B kikachukuliwa na yuleyule Noor.

Na watu wa Kisauni, kule Mombasa, hili ni lenu. Ilhan aliishi miaka minne Utange. Utange yetu! Kambi ya wakimbizi ile ya mwanzo wa miaka ya tisini. Mama yangu alikuwa akipeleka mahamri kule alfajiri, beseni kichwani, nami nyuma na birika. Sisemi tulimwona, watoto walikuwa wengi mno. Nasema tu mnapouliza "yule ametoka wapi," ametoka hatua chache kutoka kwenu.

Mimi mwenyewe Agosti 2016 sikupiga kura. Nilikuwa na grin kadi, kile kibali cha kuishi huku kwa kudumu, na grin kadi haipigi kura, ukijaribu unajiharibia kila kitu, tafadhali msidanganywe na mtu. Ilibidi ningoje miaka mitano itimie, nijaze fomu ya uraia 2018, dola 725 wakati ule, ni shifti nyingi hizo. Alama za vidole zikakataa mara mbili kwa sababu ya dawa za kusafishia, vidole vyangu vimelika. Nikaapishwa 2019, nimevaa leso ya mama mabegani, na cheti nilipokifungua kwenye gari jina la baba yangu limekosa herufi moja. Herufi moja! Miezi tisa ya barua na simu, mara kazini jina halilingani, mara benki. Kosa si langu lakini foleni nimepanga mimi.

Lakini siku ya kupiga kura ilipofika, nilikuwa nimehama nyumba na sina karatasi yoyote yenye anwani mpya, nikajua nimeshindwa tena. Yule mama wa kituoni akaniuliza kama nina jirani anayenifahamu. Huku jirani aliyesajiliwa kwenye eneo hilo anaweza kuapa kwamba unaishi pale, unasajiliwa hapohapo, unapiga kura. Jirani yangu wa mlango wa pili, mtu ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa mkono tu, akaacha chakula chake akaja akala kiapo. Sheria ya kujisajili siku ileile ilipitishwa 1973. Mwaka wa kwanza wa Phyllis bungeni. Nilipoligundua hilo baadaye nilikaa kimya kidogo.

Kwa wale wa "Wakenya mmelala": hatujalala. Novemba 2024, hapa Brooklyn Park ninakoishi, Huldah Momanyi Hiltsley alichaguliwa bunge la jimbo, mzaliwa wa Kenya wa kwanza. Kwa hivyo swali hilo lifutwe. Mimi nitagombea? Siwezi kwa sasa, nina karo ya watoto wawili na mama Mombasa ana dawa za kila mwezi. Nilichofanya ni kugonga milango Jumamosi tatu. Milango mingi haikufunguliwa. Mmoja alifunguliwa na bibi mmoja wa Kiliberia, akanipa maji, akanieleza habari za mguu wake nusu saa nzima, kisha akaniuliza kituo kiko wapi.

Mwenye swali la uraia aniandikie, lakini najibu kwa yaliyonipata mimi tu. Kama umewahi kuwa na kesi, hata ndogo, usijaze kitu kabla ya kumwona wakili. Msije mkasema dada wa YouTube aliniambia.

Saa nane na nusu hii. Mzee wangu huwa ananingoja na koti limeshalazwa mapajani.