Daraja Lililosimama kwa Kutobolewa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie madaraja ya mawe ya zamani, nami nimekuja na moja tu, maana ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote.

Liko Pontypridd, kusini mwa Wales, juu ya Mto Taff. Leo hapo ni mjini, lakini katika karne ya 18 palikuwa shamba, na njia yenyewe ya mikokoteni. Mwaka 1746 kazi alipewa William Edwards, mkulima na mhubiri aliyejifunza uashi mwenyewe, kwa kujenga kuta za mashambani na kuchunguza magofu ya ngome ya Caerphilly. Mkataba ulimbana: daraja lisimame miaka 7, la sivyo alirudie kwa fedha zake.

Akajenga la matao kadhaa. Haikuchukua muda, mafuriko yakashuka na miti, ikanasa kwenye nguzo, maji yakajaa nyuma yake kama bwawa, na daraja likaondoka nayo.

Basi akaazimia kuvuka kwa tao moja tu, pasiwe na nguzo majini: futi 140, karibu mita 43 kutoka ukingo hadi ukingo. Nalo likaanguka!

Hapa naomba tutulie kidogo. Ukienda nyumbani, kata ufito mbichi, uupinde kama upinde wa mshale, ncha zote mbili zikae chini. Sasa ukandamize mabegani, kulia na kushoto kwa pamoja. Umeona katikati inavyonyanyuka? Ndivyo ilivyokuwa. Mawe ya kujazia pembeni yalikuwa mazito mno, na pale kileleni tao lilikuwa jembamba na jepesi. Uzito wa mabega ukasukuma kilele juu, mawe yakafumka. Lilivunjika kwa kwenda juu, jambo ambalo mpaka leo wanafunzi wangu hulikataa hadi waushike huo ufito wenyewe.

Mwashi mwingine angeongeza mawe. Edwards aliyapunguza. Kila bega akalitoboa matundu matatu ya duara, yanayopenya upande hadi upande: kubwa kabisa, la karibu mita 2.7, upande wa ukingoni, kisha la wastani, kisha dogo likielekea kileleni. Mwaka 1756 daraja likakamilika, na kwa takriban miaka 40 hakuna tao la Uingereza lililolizidi kwa urefu.

Nampenda mtu huyu kwa sababu alirudi palepale mtoni, mbele ya watu walewale waliomwona akishindwa.

Mteremko wake ulikuwa mkali, mikokoteni iliteremka kwa minyororo ya kuizuia isiporomoke. Mwaka 1857 likajengwa jingine ubavuni mwake kwa ajili ya magari ya farasi. La Edwards likabaki la waendao kwa miguu. Ukisimama ukingoni, anga unaliona kupitia yale matundu.