Kuta Ni "of", Chokaa Ni "from"

Mhadhara kwa waongozaji watalii, Bagamoyo

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Nimepewa nusu saa kabla ya chai, na harufu ya maandazi imeshaingia humu ndani, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nataka tuseme juu ya vihusishi vya Kiingereza: in, on, at, of, for, with na ndugu zao. Mwanafunzi akiharibu kitenzi tunamrudi. Akiharibu kihusishi tunamwacha, tunasema ameeleweka. Na mara nyingi ni kweli ameeleweka. Lakini sikilizeni yaliyonikuta. Nikiwa kijana nilimtambulisha dada yangu kwa mgeni mmoja, nikasema, "She is married by a fisherman." Mgeni akaniuliza kwa adabu kabisa: kumbe huku kwenu wavuvi ndio wanaofungisha ndoa?

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini alikuwa na haki. Kwa Kiingereza, anayetajwa baada ya "by" ni mfungishaji ndoa: sheikh, au padri, au mkuu wa wilaya. Nikajirekebisha haraka, nikasema "married with a fisherman". Nalo si sahihi. "Married with three children" unaweza kuisema, lakini maana yake ni kwamba ana mume, tena ana watoto watatu. Neno linalotakiwa ni "to". Married to a fisherman. Sasa kosa langu lilitoka wapi? Lilitoka kwenye uaminifu. Sisi tunasema "ameolewa na mvuvi", na hiyo "na" ni ya mtendaji, ile ile ya "amepigwa na jua". Nilikitafsiri Kiswahili changu vizuri mno.

Tazameni sisi tunavyofanya. Vihusishi vyetu ni vichache: kwa, na, katika, kwenye, na vingine vya kuhesabu. Kazi iliyobaki tumeiweka tumboni mwa kitenzi. Kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia, chumba cha kulalia: ile sauti ndogo ya i ndiyo kihusishi chetu, imemezwa. Mwingereza hana pa kuimeza. Itabidi aiache nje, ikining'inia mwishoni: a pen to write with, a room to sleep in.

Mfano mzuri ni wa hapa hapa mjini. Mwaka 1891 Wajerumani walihama Bagamoyo, wakahamia Dar es Salaam. Hama, hamia. Mtu hahitaji kuambiwa walikotoka ni wapi na walikokwenda ni wapi, kitenzi kimeshasema. Kwa Kiingereza kitenzi ni kimoja tu, "move", na ukikosa "from" na "to" umewapotezea Wajerumani njia. Kimbia na kimbilia ni hivyo hivyo. Unamkimbia simba, unakimbilia nyumbani. "Run from", "run to".

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "kwa Kiingereza 'kwa' ni nini?" Swali hilo halina jibu. "Kwa" ni at, ni with, ni by, ni for, ni per, inategemea. Swali ni: hili neno la Kiingereza nililolishika limeoana na nani? Mara nyingi kihusishi ni mali ya neno lililotangulia.

Chukueni hadithi mnayoisimulia kila siku. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watumishi wake, kina Chuma na Susi, wakaubeba mwili hadi hapa, wakafika mwaka 1874, ukalazwa misheni, kisha ukavushwa kwenda Zanzibar, na mwisho ukazikwa London, Westminster Abbey.

Kwanza, alikufa kwa nini? Malaria na kuhara damu. Nimewasikia wengine wakisema "died by malaria". Ugonjwa unataka "of": he died of malaria. "From" nayo mtaisikia, haina ubaya. Lakini "with malaria" ni kusema tu kwamba malaria alikuwa nayo. Huenda kilichomuua ni kingine.

Pili, walifika. Hapa ndipo watu wengi wanateleza, kwa sababu kwetu kufika ni kufika. Wao wana "arrive", ambayo kwa mji inataka "in", na kwa mahali padogo kama mlango wa misheni inataka "at". Wana "get", inayotaka "to". Halafu wana "reach", ambayo haitaki mtu. They reached Bagamoyo, basi. Ukisema "reached to Bagamoyo" umempa mume mwanamke asiyeomba kuolewa.

Hawa wasiotaka mwenza ndio wanaotusumbua kuliko wote. "Discuss" hataki "about". "Emphasize" hataki "on", ingawa sisi tunatia mkazo katika jambo. Na "enter": mkiwa pale Ngome Kongwe msiwaambie wageni "let us enter into the fort". Enter the fort, inatosha. "Enter into" ni ya mikataba. Jambo la kuchosha ni kwamba jina la kitu na kitenzi chake hawafuati desturi moja: "a discussion about", "a request for", lakini ukitenda unajadili na kuomba bila kitu katikati.

Sasa Kaole. Magofu yale "date from the 13th century", msiseme "date since". Na kuta zake? Hapa nawaomba mnisikilize, kwa maana kuna picha nzuri. Ukuta umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukiusogelea bado unaliona tumbawe lenyewe na vitundu vyake. Hiyo ni "of": the walls are made of coral. Lakini chokaa iliyoyashika yale mawe nayo ilikuwa matumbawe, yakachomwa tanuuni, yakawa unga mweupe. Huoni tumbawe tena. Hiyo ni "from": the lime is made from coral. Kitu kile kile, ukuta ule ule, vihusishi viwili. Kikibaki na sura yake, of, kikigeuka, from. Mlango wa mbao uliochongwa ni "of". Tembo la mnazi, nyie mnalijua, ni "from".

Msidhani kila mahali kuna picha namna hiyo. "Depend" kwa asili yake ya Kilatini ni kuning'inia, na Wafaransa walioirithi wanasema "de", yaani kutoka. Waingereza wanasema "on". Sisi tunategemea mtu moja kwa moja, bila neno lolote. Mataifa matatu, mambo matatu, na hakuna aliye mjinga. Na "different" hata wenyewe hawajakubaliana: "from" inapita kote, Uingereza utasikia "to", Marekani utasikia "than". "Different with" haina kwao popote. Hiyo ni "tofauti na" yetu imevaa suti.

Ninavyofanya mimi ni kuandika daftarini neno pamoja na mwenza wake, na sentensi moja ya Bagamoyo. Siandiki "famous", naandika "Bagamoyo is famous for its carved doors". Neno likija siku ya siku, linakuja na mwenzake mkononi.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mwanangu?

(Swali: Mwalimu, tunasema "by bus", "by boat". Kwa nini kina Chuma hawakutembea "by foot"?)

Kwa sababu basi linakubeba, na "by" ni ya chombo. Mguu hukuupanda, umeusimamia. On foot. Kutoka Chitambo hadi hapa ilikuwa on foot. Kutoka hapa kwenda Zanzibar, by ship. Haya, chai.