Skadi, Binti Aliyekwenda Kudai Damu ya Baba Yake

Mabibi na mabwana,

Jioni hii namzungumzia Skadi, ambaye siku hizi hutambulishwa kwa ufupi kuwa mungu wa kike wa majira ya baridi na uwindaji katika imani za kale za Skandinavia. Utambulisho huo si wa uongo, lakini unaacha jambo ninaloliona kuwa ndilo kiini cha habari zake, yaani kwamba Skadi anaingia katika masimulizi akiwa mdai wa damu.

Habari zake tunazipata zaidi kwa Snorri Sturluson, mwanazuoni na mwanasiasa wa Iceland aliyeandika Edda, kitabu chake cha ushairi na masimulizi ya miungu, yapata mwaka 1220, karne mbili na ushei baada ya nchi yake kupokea Ukristo. Baba yake Skadi, jitu Thjazi, alimteka Idunn, mwenye matufaha yaliyowakinga miungu na uzee. Loki, mjanja aliyeishi miongoni mwa miungu, alipomrudisha Idunn, Thjazi aliwafuatia kwa umbo la tai, akaungua mabawa kwa moto uliowashwa penye kuta za Asgard, makao ya miungu, akauawa. Binti akavaa chapeo na deraya, akachukua silaha zake zote, akaenda kulipiza kisasi. Miungu hawakupigana naye, bali walimwomba suluhu.

Walimpa ruhusa ya kuchagua mume miongoni mwao, kwa sharti la kuona nyayo tu. Akachagua nyayo nzuri kuliko zote akidhani ni za Baldr, mungu aliyesifika kwa uzuri, kumbe ni za Njord wa baharini. Skadi naye alitaka wamchekeshe, akiamini hawataweza. Loki akajifunga kamba na mbuzi, wakavutana na kupiga kelele hadi akamwangukia mapajani, naye akacheka. Mwisho Odin, mkuu wa miungu, akayarusha macho ya Thjazi mbinguni, yakawa nyota mbili.

Naomba tutue hapa kidogo. Sheria za kale za Iceland, zinazojulikana kwa jina la Grágás, zilimruhusu binti ambaye hajaolewa, kama hakuna mwana wa kiume wala mrithi mwingine stahiki, apokee fidia kuu ya baba yake aliyeuawa kama ambavyo mwana angeipokea. Akishaolewa, haki hiyo ilimtoka. Kwa msikilizaji aliyeijua sheria hiyo, kumpa Skadi mume hakukuwa zawadi tupu: kulimwondolea nafasi ya kudai.

Ndoa yenyewe haikudumu. Walikubaliana kuishi kwa zamu, siku tisa Thrymheim, makao ya Thjazi milimani, kisha Noatun, ufukweni kwa Njord. Mume alichukia mlio wa mbwa-mwitu. Mke hakupata usingizi kwa kelele za shakwe. Ninapendezwa na jinsi Snorri asivyomlaumu yeyote kati yao. Skadi akarudi milimani, ambako huenda juu ya theluji kwa mbao za kutelezea, akiwa na upinde, akiwinda wanyama. Hakuna mahali Snorri anaposema kwamba huleta baridi. Anaishi ndani yake kwa ustadi.

Wala deni halikufutika. Katika shairi la kale la Lokasenna, Loki anajigamba kwamba alikuwa wa mbele katika kumuua Thjazi, na Skadi anamjibu kwamba kutoka mahali pake patakatifu yatamfikia daima mashauri ya baridi. Miungu walipomfunga Loki hatimaye, Skadi ndiye aliyemwekea nyoka juu ya uso, sumu ikimdondokea.