Sikukuu Hutukuta Tumefunga Shule

Walimu wenzangu, hamjambo? Asanteni kwa kuja Jumamosi, tena na mvua hii ya vuli na barabara zetu za Nairobi mnazozijua.

Nianze na kalenda. Fungua kitabu chochote cha shughuli za watoto msimu wa sikukuu, utakuta Desemba, theluji, na watoto wamekaa darasani. Sisi muhula wa 3 hufungwa mwishoni mwa Oktoba. Krismasi ikifika, mwanafunzi wangu wa Gredi ya 3 yuko Kitui anachunga mbuzi wa babu, au amebaki hapa Nairobi, mtaa wa Umoja, na dada yake. Hata Jamhuri, tarehe 12 Desemba, hutupita tukiwa nyumbani. Sikukuu tunayoipata tukiwa na chaki mkononi ni Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, na mwaka mwingine Diwali.

Basi tunapamba darasa la nini? Litatiwa kufuli. Kazi ya mikono ya mwisho wa muhula inafaa iwe kitu cha kusafiri na mtoto.

Mimi nilichelewa kulielewa hili. Miaka yangu ya kwanza niliwagawia pamba waibandike kwenye mchoro wa mti, iwe theluji. Mvulana mmoja akaniuliza mti umeumia wapi. Kwao pamba ni ya kidonda.

Siku hizi nauliza swali moja tu: Desemba utakuwa na nani? Huyo ndiye wa kutengenezewa kadi. Haijalishi mtoto anasherehekea Krismasi au anangoja Idi, kila mtu ana nyanya au shangazi mahali. Msichana mmoja kadi yake ilikuwa ya mama aliye kazini Saudia. Hiyo haikupanda basi. Shangazi aliipiga picha ikaenda kwa WhatsApp.

Karatasi tusinunue. Wazazi wamechoka kutumwa saiba saa mbili usiku kuchapisha picha, na mimi nawaelewa. Chukueni kalenda za ukutani, zile za kanisa na za duka. Ikifika Oktoba, kurasa za Januari hadi Septemba hazina mwenyewe. Ni ngumu, nyuma ni nyeupe, na mbele kuna rangi za kukata.

Gundi napika. Vijiko vitatu vya unga wa ngano, unakoroga kwanza na maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe. Halafu unamimina kwenye kikombe cha maji yanayochemka, mkono usisimame. Ikianza kuwa nzito na kung'aa, ipua. Ukimimina unga mkavu kwenye maji moto utapata maandazi, si gundi.

Sasa niwaambie kosa langu. Ijumaa moja niliacha kadi za darasa zima juu ya meza zikauke. Jumatatu tukakuta panya wamekula kila pembe yenye gundi. Shughuli yao ya sikukuu walikuwa wameimaliza. Wengine walicheka, wengine walilia, na wiki ya kufunga tukaanza upya. Tangu siku hiyo gundi hupikwa asubuhi, na kadi hutundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kufikia saa za kwenda nyumbani zimekauka, kila mtu anabeba yake.

Kazi ya pili naipenda zaidi, ingawa haipendezi macho: mkanda wa safari. Unakata karatasi ndefu, unaikunja kama kinanda cha mkono, kila mkunjo kisanduku. Cha kwanza tunachora pamoja darasani: stendi, mizigo juu ya basi, utingo akitaja nauli ya Desemba, ambayo sote tunaijua. Vingine tunaviacha wazi. Mtoto atavijaza njiani. Anayebaki Nairobi anachora wageni wanaokuja, au duka la mtaani likiwa limefungwa.

Si wote watakaorudisha Januari, msitegemee. Lakini mmoja alinirudishia wa safari ya Kakamega. Kisanduku cha Naivasha kilikuwa na punda milia wawili kando ya barabara, wamechorwa kwa kalamu ya wino iliyokuwa inakwisha. Kisanduku cha Nakuru hakikuwa na mchoro. Aliandika: "Nililala."

Nilimpa alama zote.

Haya, sufuria iko kwenye jiko pale nyuma na unga upo. Mwenye mkasi akae karibu na asiye nao.